Kesi ya mgonjwa kwenye egzamen: namna ya kuokoa dakika bila kukimbia

Swali linaanza hivi: mama mmoja amefika kwenye kituo cha afya, ametembea tangu asubuhi, mtoto yuko mgongoni. Baba wa mtoto ni mlimaji wa mchele, amebaki shambani. Mtoto ana miaka 3, kilo 14, ana joto tangu siku 2. Jana usiku bibi yake alimpa nusu ya komprime, haijulikani ilikuwa ya dawa gani. Kipimo cha haraka cha malaria kimeonyesha kwamba malaria iko. Mtoto anakunywa, hatapiki, hajashikwa na degedege. Halafu mistari inaendelea, na mwisho kabisa ndipo wanakuuliza: utatoa dawa gani, kiasi gani, na utamwambia mama nini?

Mwanafunzi wengi wa mwaka wa mwisho wanafika kwenye mstari huo wa mwisho dakika 4 zimekwisha kupita, na inabidi waanze kusoma upya. Kesi ya pili inakuwa hivyo hivyo. Ikifika ya tano, msimamizi anasema muda umebaki dakika 10, na mkono unaanza kutetemeka. Si kwamba hawajui dawa. Wanajua. Saa ndiyo imewashinda.

Huku kwetu Kasongo na Kabambare, jambo hili linagusa familia nyingi. Kijana anayesoma shule ya uuguzi, ile tunayoita ITM, amelipiwa miaka minne na wazazi waliouza mchele, mawese au mbuzi. Mwisho wa safari kuna egzamen ya jiri, na ndani yake kuna hizi kesi za wagonjwa. Ndiyo maana tumeona vema kueleza hapa namna ya kuzijibu kwa muda mfupi. Maelezo haya ni kwa wanafunzi wa uuguzi, na kwa wale wanaojifunza kazi ya dawa. Mzazi anayesoma asiyatumie kumtibu mtoto nyumbani: vipimo vya dawa vilivyoandikwa hapa ni vya kujifunzia hesabu, na mtoto mgonjwa anapelekwa kwenye kituo.

Kwa nini wanauliza kesi, si orodha

Kuna mwanafunzi anayelalamika: kwa nini wasiniulize tu "paracetamoli ni nini", nijibu, tuendelee? Jibu liko kwenye kazi yenyewe. Katika jimbo letu mfamasia aliyesoma chuo kikuu si rahisi kumpata nje ya mji. Kwenye kituo cha afya, mtu anayemwona mgonjwa, anayechagua dawa, anayehesabu kipimo, na mara nyingi anayeshika ufunguo wa depo, ni muuguzi. Usiku wa manane hana wa kumuuliza. Wagonjwa hawaji na jina la ugonjwa kwenye paji la uso. Wanakuja na hadithi.

Kasongo ina historia katika jambo hili. Tangu miaka ya 1970, mradi uliojulikana kama Projet Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulijaribu hapa hapa kupanga vituo vya afya ambavyo muuguzi ndiye anayepokea wagonjwa wa kwanza, na hospitali inabaki kwa wale wanaohitaji zaidi. Kazi hiyo ilisomwa mbali. Mwaka 1981 uchunguzi kuhusu chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo ulitoka katika gazeti la waganga la The Lancet. Mpaka leo ukienda zoni za afya za Kasongo, Kunda, Samba, Lusangi, Kabambare au Saramabila, mlango wa kwanza ni muuguzi.

Kwa hiyo anayetunga kesi anataka kujua kitu kimoja: huyu kijana akibaki peke yake na huyu mama, atajua kutenganisha neno la maana na neno la kupamba? Ukilielewa hilo, umeshapata nusu ya mbinu. Kuokoa dakika si kusoma mbio. Ni kujua unatafuta nini kabla hujaanza kusoma.

Kabla ya yote, gawanya saa yako

Ukipewa karatasi, usianze kuandika. Soma maagizo, angalia kuna kesi ngapi, kila moja ina alama ngapi. Halafu fanya hesabu ndogo pembeni. Tuseme, kwa mfano, umepewa saa 2 na karatasi ina alama 100. Saa 2 ni dakika 120. Toa dakika 10 za mwanzo za kuangalia, toa 10 za mwisho za kuhakiki. Zimebaki 100: dakika 1 kwa kila alama. Kesi ya alama 15 inapata dakika 15, haipati 30. Kesi ya alama 5 inapata dakika 5.

Andika saa ya kumaliza kando ya kila kesi, kwa kalamu: "mpaka saa 3 na dakika 25". Bila alama hiyo, mtu anajikuta ametumia nusu ya muda kwenye kesi aliyoipenda, na zile zenye alama nyingi zinabaki nyeupe. Njoo na saa ya mkono kama unayo, maana simu hairuhusiwi ndani.

Anza chini, panda juu

Mbinu ya pili ndiyo inayookoa muda kuliko zote: soma swali kwanza, hadithi baadaye. Nenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho. Wanauliza kipimo cha dawa? Wanauliza dawa ipi isitolewe? Wanauliza kama mgonjwa atumwe hospitali? Ukishajua, rudi juu usome hadithi mara moja tu, na kalamu mkononi.

Hapa kuna jambo la lugha ambalo walimu hawalisemi sana. Mama anaeleza ugonjwa kwa Kiswahili: "Munganga, mutoto iko na joto tangu juzi." Egzamen nayo imeandikwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi anasoma Kifaransa, anawaza kwa Kiswahili, anarudisha kwa Kifaransa, na dakika zinakwenda. Huwezi kuondoa shida hiyo kwa siku moja, lakini unaweza kuyazoea maneno machache ya kuuliza yanayorudi kila mara:

- *Citez*: taja tu. Usieleze. Wakisema 3, andika 3 na uende.
- *Calculez*: weka hesabu yote, hatua kwa hatua, si jibu peke yake.
- *Justifiez*: toa sababu. Sentensi 1 au 2 zinatosha.
- *Conduite à tenir*: sema utafanya nini, kwa utaratibu, la kwanza mpaka la mwisho.

Mwanafunzi akiulizwa *citez* akaandika ukurasa mzima, hapati alama zaidi. Amepoteza muda wa kesi inayofuata.

Vitu vitano vya kupigia mstari

Sasa unasoma hadithi. Usipige mstari kila mahali, maana ukichora karatasi nzima ni kama hukuchora kitu. Tafuta vitu vitano tu: umri, kilo, mimba, hatari, dawa. Visemeseme kama wimbo mpaka vikae kichwani.

*Umri* unabadilisha jibu lote. Chukua mtoto anayekohoa na kupumua mara 46 kwa dakika. Kama ana miezi 11, hapumui mbio, kwa sababu kati ya miezi 2 na miezi 11 tunahesabu kupumua mbio kuanzia mara 50. Kama ana miezi 13, anapumua mbio, maana kuanzia mwaka 1 mpaka miaka 5 mpaka ni mara 40. Namba ni ile ile 46, lakini jibu ni tofauti. Mtunzi wa kesi anaijua sana mipaka hii, na anapenda kuweka mtoto karibu nayo.

*Kilo* ndiyo mlango wa hesabu. Kama kilo imetolewa, itatumika. Ipige mstari mara mbili.

*Mimba* na kunyonyesha: kila mwanamke wa umri wa kuzaa kwenye kesi, jiulize. Mara nyingine hawasemi "ana mimba", wanasema "hajaona siku zake tangu miezi 2".

*Hatari*: kwa mtoto chini ya miaka 5, PCIME inatufundisha dalili 4 za jumla: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au hana fahamu. Ukiona moja tu kati ya hizo, njia ya kesi imebadilika: ni mgonjwa wa kutumwa haraka baada ya kumpa dozi ya kwanza. Usianze kueleza matibabu ya nyumbani.

*Dawa* alizokwisha kunywa, na zile zinazomdhuru. Mfano wa kawaida: mwanamke yuko kwenye matibabu ya kifua kikuu, na kwenye mstari wa 7 wanasema anatumia vidonge vya kupanga uzazi. Hilo si pambo. Rifampisini, moja ya dawa za kifua kikuu, inapunguza nguvu ya vidonge hivyo, na swali litakuwa hapo: umshauri njia nyingine.

Baba kuwa mlimaji wa mchele, mama kutembea tangu asubuhi, bibi kuwa na hasira: hayo soma, lakini yaache yapite. Isipokuwa swali linauliza ushauri. Hapo umbali wa nyumba unaweza kuwa na maana, kwa sababu mama anayekaa mbali anahitaji kujua vizuri zaidi ni lini arudi.

Hesabu moja, njia moja

Kwenye kesi za dawa, watu wengi wanaanguka kwenye hesabu, na si kwa sababu ni ngumu. Kila siku wanahesabu kwa njia tofauti. Chagua njia moja, iandike hivi hivi kila mara:

Kilo × miligramu kwa kilo = miligramu anazohitaji.
Miligramu anazohitaji ÷ miligramu zilizo katika mililita 1 = mililita za kuvuta.

Turudi kwa mtoto wetu wa kilo 14. Ana malaria ya kawaida, hana dalili ya hatari. Artemeta-lumefantrini ya 20/120 kwa mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 ni komprime 1, mara 2 kwa siku, siku 3. Jumla komprime 6, na dozi ya pili inakuja saa 8 baada ya ya kwanza. Hapa hakuna hesabu ya kilo, kuna jedwali tu. Mwanafunzi anayeanza kuzidisha anapoteza muda bure.

Kwa ajili ya joto, paracetamoli ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kilo kwa kila dozi. Kilo 14 zinatupa miligramu 140 mpaka 210. Siro iliyoko ni ya miligramu 120 katika mililita 5, yaani miligramu 24 katika mililita 1. Ukitoa mililita 7, umetoa miligramu 168. Iko katikati ya mipaka, basi ni sawa. Unaweza kurudia baada ya saa 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Na ile nusu ya komprime ya bibi? Ilikuwa jana usiku. Unamwambia mama asichanganye tena dawa ya nyumbani na hii, na kama bado ana karatasi ya ile dawa, ailete uione.

Sasa kesi nzito. Mtoto wa kilo 12 ameshikwa na degedege mara 2 leo, hana fahamu, kipimo cha malaria kimeonyesha ndiyo. Artesunati ya sindano kwa mtoto chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo: 12 × 3 = miligramu 36. Flakoni ya miligramu 60 ikishachanganywa kwa ajili ya mshipa ina miligramu 10 katika mililita 1. Basi 36 ÷ 10 = mililita 3.6, na jedwali la wodini linapandisha mpaka 4. Ikichanganywa kwa ajili ya msuli, ina miligramu 20 katika mililita 1: 36 ÷ 20 = mililita 1.8, linapandisha mpaka 2. Dozi zinatolewa saa 0, saa 12 na saa 24, halafu mara 1 kwa siku mpaka aweze kunywa dawa ya kumaliza.

Angalia mtego mahali hapa. Kuanzia kilo 20, kipimo kinashuka kuwa miligramu 2.4 kwa kilo. Mtoto wa kilo 19 anapata miligramu 57, wa kilo 20 anapata 48. Mdogo anapata zaidi ya mkubwa! Mwanafunzi asiyejua anafikiri amekosea, anafuta, anaanza upya, na dakika 5 zimekwenda. Anayejua anaandika na kuendelea.

Mfano wa mwisho: mtoto wa miezi 8, kilo 9, anaharisha bila damu, amepungukiwa maji kiasi lakini anakunywa. Maji ya SRO: mililita 75 kwa kilo katika saa 4, yaani 75 × 9 = mililita 675. Zinki: miligramu 20 kwa siku, siku 10 mpaka 14, kwa kuwa amepita miezi 6. Chini ya miezi 6 ingekuwa 10. Antibiotiki? Hapana. Kesi hii inatoa alama pia kwa kile ambacho *hukukiandika*.

Ukimaliza hesabu, jiulize swali moja la sekunde 5: je, hii inawezekana? Kama umepata mililita 36 za artesunati kwa mtoto wa kilo 12, sirinji gani itabeba? Nukta imehama. Kwenye karatasi, kosa hilo ni alama 3. Kwenye kitanda, ni mtoto wa mtu.

Ukiwa na majibu ya kuchagua, ondoa ya hatari kwanza

Mara nyingine kesi inakuja na majibu 4 au 5 ya kuchagua. Usitafute mara moja lililo sawa. Futa kwanza lile linaloweza kuua au kudhuru. Mama ana mimba ya miezi 7, ana maumivu ya mgongo na joto. Majibu: ibuprofeni, doksisiklini, paracetamoli, kumrudisha nyumbani bila kumpima. Ibuprofeni katika miezi ya mwisho ya mimba, futa. Doksisiklini kwa mwenye mimba, futa. Kurudisha nyumbani mjamzito mwenye joto bila kipimo cha malaria, futa. Limebaki moja, na umetumia sekunde 30. Njia hii inasaidia hata pale ambapo huna uhakika na jibu: kati ya mawili yaliyobaki, nafasi yako ni kubwa kuliko kati ya matano.

Jibu fupi lenye mpangilio

Anayesahihisha ana rundo la karatasi. Hatafuti hadithi yako, anatafuta vitu vyenye alama. Kwa kila dawa, mpe vitu sita kwa mpangilio uleule: dawa, kipimo, njia, mara, siku, neno la kumwambia mama. Kwa mtoto wetu wa kwanza inakuwa hivi: artemeta-lumefantrini 20/120, komprime 1, kwa mdomo, pamoja na uji au maziwa, mara 2 kwa siku, siku 3, arudi mara moja kama mtoto anashindwa kunywa, anatapika kila kitu, anapata degedege au analegea. Mistari 3, alama zote ziko ndani.

Neno la kumwambia mama ndilo linalosahaulika sana, na ndilo rahisi kuliko yote. Tena ndilo linalobaki nyumbani wakati muuguzi hayupo.

Ukikwama, ruka

Kuna kesi itakukataa. Usipigane nayo. Weka alama pembeni, acha nafasi nyeupe ya kutosha, nenda inayofuata, utarudi. Mara nyingi kesi ya sita inakukumbusha jibu la kesi ya tatu.

Hii ni nafasi ambayo si kila mtu duniani anayo. Waafrika waliosoma ufamasia na kuhamia Marekani wanakutana na egzamen ya leseni inayoitwa NAPLEX, ambayo nayo imejaa kesi za wagonjwa. Mwishoni mwa 2016 iliwekwa kuwa maswali 250 kwa saa 6, yaani chini ya dakika 1 na nusu kwa kila swali. Baadaye yalipunguzwa kuwa 225. Kule unajibu kwenye kompyuta, na ukishapita swali, huwezi kurudi nyuma. Sisi karatasi iko mezani, inafunguka mbele na nyuma. Atakayekaa dakika 25 kwenye swali moja ameitupa zawadi hiyo mwenyewe.

Mazoezi bila umeme na bila intaneti

Mbinu hizi hazikai kichwani kwa kusomwa mara moja. Zinataka mkono. Ukiwa na wiki 3 kabla ya jiri, jaribu hivi.

Wiki ya kwanza, usiangalie saa. Chukua kesi za zamani kutoka kwa mwalimu au kaka na dada waliomaliza. Kila moja, tafuta tu vile vitu vitano na uandike vitu sita vya jibu. Lengo ni mpangilio.

Wiki ya pili, mkae kundi la watu 3 au 4. Mmoja anasoma kesi kwa sauti, mwingine anashika saa, wengine wanajibu. Halafu kila mmoja anatunga kesi yake na kumtegea mwenzake. Anayejua kutega mtego, ni vigumu kutegwa.

Wiki ya tatu, kaa peke yako, kesi 4 mfululizo, muda kamili, bila daftari. Baadaye hesabu makosa, na uyaweke kwenye mafungu mawili: niliyokosa kwa kutojua, na niliyokosa kwa saa. La kwanza linarudi kwenye daftari, la pili linarudi kwenye mazoezi.

Mazoezi bora yako kwenye staji yenyewe. Kila mgonjwa unayemwona pamoja na titileri wa kituo ni kesi. Akitoka, jipe dakika 1: umri, kilo, mimba, hatari, dawa. Halafu fungua ordinograme iliyoko mezani uone kama umefuata njia sahihi. Usiandike jina la mgonjwa kwenye daftari lako, siri yake ni yake. Mwanafunzi aliyefanya hivyo kwa wagonjwa 100, karatasi ya jiri haitamshangaza.

Njia ya mkato ambayo si njia

Msimu wa egzamen ukikaribia, simu zinaanza kuzunguka na "majibu" yanayouzwa. Kuna wazazi wanaotoa franga wakifikiri wanamsaidia mtoto. Mara nyingi ni karatasi ya uongo, na mwanafunzi anaingia ndani na majibu ya maswali ambayo hayapo. Lakini hata kama yangekuwa ya kweli, jiulize: mwaka kesho huyo kijana atatumwa kwenye kituo kilicho mbali, barabara ni mbovu wakati wa mvua, usiku mama anabisha hodi na mtoto wa kilo 12 aliyeshikwa na degedege. Nani atamtumia majibu kwa simu saa hiyo?

Anayejifunza kusoma kesi vizuri anajifunza kazi. Umri, kilo, mimba, hatari, dawa: ni vitu vile vile vya kuangalia mbele ya jiri na mbele ya taa ya kituo. Tofauti ni kwamba kwenye jiri, ukikosea, utarudia mwaka.

Kwa wote wanaojiandaa Kasongo, Kabambare na vijiji vyote vya kusini ya Maniema, tunawatakia mkono mtulivu. Na wewe mzazi: siku hiyo mwamshe mapema, mpe kitu cha kula, na umtafutie saa ya mkono ya kuazima.